Kisiwa cha Wavivu

"Kwa hiyo, Fundi, unataka tukalale mchangani wiki nzima kama kasa?"

Kaka yangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mume wangu alitabasamu tu, macho kwenye sahani.

Ilikuwa Jumapili mchana, kwetu, ghorofa ya nne. Mimi ni mwalimu wa michezo. Wanafunzi huniita Kocha, na mume wangu kaiga. Yeye ni fundi makochi. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na ofisi ya safari ilitupa visiwa viwili tuchague. Kimoja kina ufukwe mweupe na maji ya vuguvugu. Kingine ni msitu mnene, maporomoko, na mlima wa kupanda kwa muda wa saa sita. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujibu.

"Mlima una ubaya gani?" nilimbana.

"Hauna ubaya. Mimi nachagua ufukwe. Nimechoka, Kocha."

"Umechoshwa na nini? Kukalia makochi ya watu?"

Kaka akapiga meza. "Shemeji, leo umepatikana!"

Nilipoona wanacheka, nikanogewa. Nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi la familia, shangazi na wajomba wote wamo:

"Wapendwa, pigeni kura. Kisiwa cha wanaume au kisiwa cha wavivu? Mume wangu kachagua cha pili."

Majibu yakamiminika. "Anaogopa nyani huyo!" "Mnunulieni mkongojo!" Simu ya mume wangu ikawa inalia mfululizo. Akaitoa, akasoma taratibu, kisha akaandika mstari mmoja:

"Twende msituni. Nimekubali."

Akaondoa sahani yake, akaaga, akasema ana kazi karakana. Jumapili! Nami nikajiona mshindi.

Kesho yake, wakati wa mapumziko shuleni, Mama akanipigia. Siku hizi anaishi kwa kaka, nyumba isiyo ya ghorofa.

"Mwanangu, nimesomewa ulichoandika. Mkwe wangu ndiye mvivu?"

"Ni utani tu, Mama."

"Utani una kipimo. Miaka mitatu iliyopita, ulipokwenda masomoni ile miezi saba, mimi nilikuwa kwenu, kiharusi kimenilaza upande mmoja. Hospitali mara tatu kwa wiki. Uongo?"

"Kweli, Mama. Fundi alikuwa anakupeleka."

"Jengo lenu lina lifti?"

"Halina, Mama."

"Nakuuliza wewe, mwalimu. Ghorofa ya nne, mimi nilishukaje?"

Nikaanza kuzihesabu ngazi zetu kichwani.

"Mgongoni kwake," Mama akasema. "Asubuhi kushuka, mchana kupanda. Siku moja kiuno kikalia ka! Akaegemea ukuta, jasho linamtoka, akaniambia, 'Mama, usimwambie Kocha, ataacha masomo.' Nikamwahidi. Lakini siwezi kunyamaza huku anachekwa."

Alikata simu bila kuaga. Nilibaki nimesimama katikati ya uwanja, watoto wananizunguka, nami natamani ardhi ipasuke. Wakati ule nilipiga simu kila jioni kuuliza Mama anaendeleaje. Hata siku moja sikuuliza anashukaje.

Nikaomba ruhusa, nikaenda karakana. Nilimkuta amelala chali sakafuni, miguu juu ya kochi lisilo na kitambaa, mkanda mpana umembana kiunoni. Mkanda huo sikuwahi kuuona nyumbani. Aliponiona akajaribu kuinuka haraka, uso ukamkunjamana.

"Usiinuke."

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama naye!"

Nikapiga magoti kwenye vipande vya sponji. "Miaka mitatu, Fundi. Mbona hukuniambia?"

"Mwanzoni nililinda masomo yako." Akatazama dari. "Baadaye nikaona aibu. Mke wangu anakimbia kama swala, mimi kuinama kuvaa viatu mpaka nimwombe Mungu. Ningeanzia wapi?"

"Na huo mlima ungepandaje?"

"Ningepanda mpaka nianguke. Si wangeacha kucheka?"

Machozi yakanitoka. "Nisamehe, mume wangu."

"Mgongo nimeuzoea, Kocha. Jana ndiyo iliniuma. Ulicheka kabla ya kuuliza."

Nikatoa simu palepale, nikaandika kwenye lile kundi:

"Niliyemwita mvivu alimbeba mama yetu mgongoni, ghorofa nne, miezi saba, mpaka akaumia. Mvivu ni mimi, hata kuuliza kulinishinda. Namwomba radhi mbele yenu wote."

Hakuna aliyejibu. Kisha simu ya Fundi ikaita. Alikuwa kaka yangu; Fundi akaweka spika.

"Shemeji," sauti ilikuwa ndogo, "yule ni mama yangu pia. Nakaa mtaa wa pili, na sikuja kumshusha hata mara moja. Nami nilicheka."

"Yameisha, shemeji."

Hayakuwa yameisha. Siku tatu Fundi alinijibu kwa ufupi, nami nilistahili. Jumatano nikampeleka kwa daktari, nikakaa naye foleni mpaka zamu yetu. Ijumaa tukaenda ofisi ya safari, na kabla dada wa pale hajafungua mdomo nikasema, "Ufukweni."

Fundi akaniangalia. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Siku ya pili kisiwani, alilala kifudifudi kwenye mkeka, mimi namsugua kiuno kwa dawa aliyoandikiwa. Macho yangu yalirudi tena na tena kwenye mkanda wake pale kando.

"Kocha, bado una aibu?"

"Bado."

Akafumba macho, akaegesha shavu kwenye mkono.

"Basi isiishe leo. Hapo chini kidogo, kushoto."