Bahasha ya Mjane

Jumamosi saa moja asubuhi, Daktari alikutwa amekufa kwenye meza yake ya kazi, kikombe cha chai mbele yake. Chai ilikuwa na sumu. Aliyeipika ni mkewe, Jaji, ambaye mwenyewe hagusi chai. Kufika saa nne, Inspekta alikuwa keshatoa pingu mfukoni.

Ndipo akaingia Mama Bahasha, mwandishi wa kadi za harusi, uso umempauka. Tangu Alhamisi alikuwa hali wala halali. Jamani, nani angelala? Jumatano aliandika bahasha ya mwaliko ya Jaji kama mjane. Kesho yake huyo marehemu akapita dirishani kwake, akampungia mkono!

"Afande, usimchukue Mheshimiwa Jaji," alisema. "Nilidhani nimeona mzuka. Leo nasikia ndiyo kwanza amekufa!"

"Taratibu, mama. Bahasha gani?"

Akaitoa mkobani. Mume na mke wenye vyeo huandikwa mstari mmoja, mwenye cheo kikubwa akitangulia: Mheshimiwa Jaji na Daktari. Hapa palikuwa na Jaji peke yake.

"Naandika kwa orodha ninayoletewa. Jina la mwenza likikatwa kwa wino mwekundu, basi ametangulia mbele ya haki. Huwa siulizi. Utamuulizaje mtu habari za msiba wake dukani?"

"Hili alilikata nani?"

"Baba wa bibi harusi."

Macho yote yakamgeukia mdogo wake marehemu, aliyejiinamia kwenye kochi, leso usoni. Ndiye aliyewaambia polisi kwamba wanandoa hao walikuwa wakigombana.

"Kalamu iliteleza," alisema.

"Iliteleza kwake, kwako ikanyooka?" Mama Bahasha alihamaki, hofu yote imemtoka. "Ulisimama mgongoni kwangu mpaka nikakuandika Daktari!"

"Shemeji," Jaji alisema kwa sauti ya chini, "chuo ulikiacha mwaka wa pili. Mume wangu alikwambia ufunge zahanati yako kabla ya harusi, la sivyo atakushtaki. Na jana ukatuletea kopo la majani ya chai."

Yule bwana akaangua kilio. "Angeniumbua mbele ya wakwe! Kadi zinatoka Jumatatu. Zingetoka na jina la maiti, watu wangesema hatuna adabu."

Pingu zikapata mwenyewe. Jaji aliichukua bahasha, akapitisha kidole pale palipokosa jina.

"Kumbe nimekuwa mjane tangu Jumatano," alisema, machozi yakimtiririka. "Na leo asubuhi nimemuuliza, sukari vijiko vingapi."