Kwa Mtoto

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, njia ya kokoto iendayo stesheni ilikuwa imeshajaa watu. Waashi na ndoo zao za vifaa, makarani wamebeba viatu mkononi visiingie vumbi, wauguzi, wapishi, wafagiaji, wote wakiteremka upesi upesi kuwahi treni ya kwanza. Mahali pale palikuwa kijiji kwa sura tu. Kuku walikuwapo, mbuzi walikuwapo, na vijishamba vya mahindi nyuma ya nyumba vilikuwapo, lakini riziki ya watu ilikuwa mjini. Treni ikishaondoka, walibaki wazee, watoto, na hao mbuzi.

Mama yake Chiriku alikuwa mmoja wa wateremkaji hao. Alifua mashuka katika hospitali moja mjini. Kila alfajiri alimgusa binti yake begani, akamwambia, "Maji yamo ndooni. Msaidie bibi," kisha akaenda zake, mkoba kwapani.

Chiriku halikuwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya wingi wa maneno, naye hakuudhika. Alikuwa darasa la sita, mwepesi wa kusoma, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kutunga. Akikusimulia jinsi kuku alivyovuka njia, utadhani ni vita.

Mwalimu wao alikuwa kijana mgeni, aliyehamia pale mwanzoni mwa mwaka. Alishona magunia ya unga yakawa kitambaa kimoja kipana, akakitundika ukutani, na darasa zima likachora ramani ya kwao. Upande wa juu walichora kilima kilichokatwa ubavu, walikochimba kokoto za reli. Upande wa chini wakachora reli yenyewe na stesheni. Katikati wakaacha uwanja mpana wa majani, tambarare kama meza. Hapo hapakuwa na nyumba hata moja, ingawa watu wa mjini walikuwa wakigombea viwanja kila upande. Paliitwa Kwa Mtoto. Watu walisema, "Nakungoja Kwa Mtoto," au, "Mbuzi wako wako Kwa Mtoto," wala hakuna aliyeuliza ni mtoto gani.

"Ramani yetu ni bubu," mwalimu alisema akiitazama. "Inaonyesha mahali palipo, haisemi pametokeaje. Kila mmoja achague mahali pamoja, akamuulize mkubwa anayepajua, alete maelezo ya ukurasa mmoja. Na aandike kaambiwa na nani."

Chiriku akachagua Kwa Mtoto.

Jioni alimkuta bibi yake uani, ungo wa maharage mapajani, akichambua.

"Bibi, kwa nini pale panaitwa Kwa Mtoto?"

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo. "Nani anauliza?"

"Mwalimu. Yaani mimi. Ni kazi ya shule."

Bibi alimtazama, akasogeza kigoda kwa mguu. "Basi kaa. Hiyo ni habari ndefu, haisemwi mtu akiwa amesimama."

Njiani wenzake walikuwa wakimwita, kamba imeshakunjuliwa. Na Chiriku aliyajua mazungumzo ya bibi. Bibi hakuweza kusimulia safari ya kisimani bila kutaja rangi ya ndoo na nani aliyeiazimisha.

"Nakuja sasa hivi, bibi," akasema, na hakurudi mpaka giza.

Kesho yake bibi alimwita mwenyewe. "Njoo basi, nimekaa."

"Baadaye, bibi yangu."

Siku iliyofuata bibi hakumwita tena.

Usiku wa mwisho kabla ya kazi kukusanywa, Chiriku alikaa mbele ya karatasi tupu. Bibi alikuwa ameshalala. Akaanza kutunga. Alitunga kwamba zamani palikuwa na mlevi mmoja aliyeitwa Mtoto, ambaye kila asubuhi alichelewa treni, akaketi majanini akalia na kurusha miguu, mpaka mkewe aje kumlisha uji kwa kijiko. Alipomaliza alicheka peke yake. Kisha, kwa vile mwalimu alitaka kujua msimulizi ni nani, akaandika chini: *Nimeambiwa na bibi yangu.*

Mwalimu aliipenda kazi ile kuliko zote. Akasema iigizwe siku ya wazazi.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, ofisi nyingi zikiwa zimefungwa. Mama yake Chiriku alikuwa kazini, maana hospitali haifungi, lakini bibi alikuja. Alivaa gauni lake la kutokea, akakaa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzake.

"Na sasa," mwalimu akatangaza, "historia ya Kwa Mtoto, kama alivyoisimulia bibi yake Chiriku. Bibi tunaye hapa. Tunakushukuru sana, bibi."

Watu wakapiga makofi. Bibi akageuka huku na huku, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Akaingia Kipara, kijana mcheshi kuliko wote darasani, amevaa koti la baba yake linaloburura chini. Akapepesuka, akaikimbilia treni, akaanguka chali, akalia kilio kirefu cha kitoto. Watu walivunjika mbavu. Waliochoka kucheka walifuta machozi, wakaanza upya. Chiriku, akichungulia pembeni, alijisikia amekuwa mkubwa kuliko paa la shule.

Ndipo alipotazama mstari wa mbele. Wazee hawakuwa wakicheka. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa mchukuzi wa mizigo stesheni, alikuwa amevua kofia yake na kuiweka magotini. Bibi alisimama taratibu, akajishikiza kwenye kiti, akatoka. Hakuangalia nyuma.

Chiriku alimkuta nyumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, jiko halijawashwa.

"Bibi."

Bibi aliinamia kiatu kukivua, akaacha. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilisema lini, mjukuu wangu?"

Basi. Angalifoka, Chiriku angalijua la kujibu. Lakini kwa swali lile alikwenda tu kuwasha jiko.

Mama alirudi na treni ya jioni, uso umemwiva. Habari alikuwa ameshaipata njiani, watu wakimsimulia huku wakicheka. Alimchukua Chiriku nyuma ya nyumba.

"Huyo mtoto unayemfanya mlevi," akasema, "ni kaka yangu. Kifunguamimba wa bibi yako. Alifia pale pale, kabla mimi sijazaliwa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Habari si yangu. Ni ya bibi yako, na hamwambii mtu asiyemuuliza. Miaka yote hakuna aliyemuuliza. Ukaja wewe ukamuuliza, kisha ukaenda kuruka kamba."

Chiriku akaangua kilio. Mama hakumkumbatia, wala hakumfukuza.

"Nikamwombe msamaha, mama?"

"Kamwombe. Lakini ulilosema mbele ya watu halifutiki chumbani."

Aliomba msamaha usiku ule, amepiga magoti. Bibi alimwekea mkono kichwani, akasema, "Kalale." Mkono haukukaa.

Na uongo ule haukulala. Jumapili, bombani, mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe: "Nyamaza, utakuwa kama yule mlevi wa Kwa Mtoto." Watu wakacheka. Bibi alikuwa pale pale kwenye foleni. Aliinua ndoo yake kabla haijajaa, akaondoka nayo nusu. Chiriku aliyaona hayo kwa macho yake. Akaelewa kwamba wiki mbili tatu hivi zikipita, hakutakuwa na mtoto mwingine pale uwanjani ila yule mlevi wake wa kutunga.

Jumatatu alimfuata mwalimu kabla ya kengele, akamweleza yote. Mwalimu alikaa juu ya meza, akajishika paji la uso. "Nami sikwenda kumuuliza bibi," akasema polepole. "Nilichekeshwa, nikaridhika." Akamruhusu asimame mbele ya mstari.

"Habari ya Kwa Mtoto niliitunga mimi," Chiriku aliwaambia wenzake. "Bibi hakuniambia neno. Hapakuwa na mlevi. Palikufa mtoto, mtoto wa bibi yangu. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu nilipoambiwa nikae nisikilize, sikukaa."

Kisha Kipara akauliza, na safari hii hakuwa na mzaha: "Kwa hiyo mimi nilikuwa namwigiza marehemu? Mbele ya mama yake?"

Mwalimu akamshika bega, akawaongoza wote darasani.

Mchana mwalimu alikwenda mwenyewe kumwomba bibi aje shuleni awasimulie. Bibi alikataa. "Shuleni nilishakuja, mwanangu," alisema. "Anayetaka kusikia na aje pale pale."

Alasiri ile darasa zima likaketi majanini, Kwa Mtoto. Bibi aliwekewa kiti. Alikaa muda mrefu akipapasa goti lake, kisha akaanza, kwa mwendo wake wa pole, na leo hakuna aliyetamani aharakishe.

"Hapa mlipokaa palikuwa shimo," alisema. "Waliokuja kutengeneza reli walichimba kokoto huko kilimani, wakachimba na hapa. Reli ilipokwisha, wenyewe wakaondoka, shimo wakatuachia. Likajaa maji. Sisi tulikuwa vibarua, tukabaki kwa sababu treni ilisimama hapa, na mjini kulikuwa na kazi. Tukawa tunaondoka wote alfajiri, baba na mama. Mimi nilifagia ofisi. Watoto walibaki wenyewe, wakubwa wakiangalia wadogo.

"Wangu nilimwita Punje, maana alizaliwa mdogo hata mkunga akauliza yuko wapi. Alikuwa na shati la bluu nililolipunguza kutoka la baba yake, mikono imekunjwa mara tatu. Mchezo wake ulikuwa kujificha. Akijificha Punje, hakuna amwonaye. Siku ile walicheza, akajificha, wakamtafuta wakachoka. Wakasema, yupo, atatoka mwenyewe. Nao walikuwa watoto, siwalaumu. Mvua ilikuwa imenyesha. Treni ya jioni ilipopiga honi akatoka alikokuwa, akakimbia kuja kunipokea. Akapita njia ya mkato, ukingoni mwa shimo. Udongo ukaporomoka naye majini."

Msichana mmoja akaanza kulia chini chini. Bibi alingoja.

"Kesho yake watu walikwenda kazini. Wangefanyaje. Lakini jioni waliposhuka, mmoja aliokota jiwe pale stesheni, akaja akalitupa shimoni. Wa pili akaokota. Hakuna aliyetoa amri. Ikawa kila jioni, kila ashukaye treni ana jiwe mkononi au udongo katika ndoo, na wakikutana wanaulizana, 'Umeshapita kwa mtoto?' Ndilo jina mnalolisikia. Misimu ya mvua ikaja ikaondoka, mpaka shimo likajaa. Ndiyo sababu hapajengwi, ardhi yake ni ya kumwagwa. Na kina mama tukakubaliana: kila siku mmoja wetu abaki, awaangalie watoto wote. Tukajenga kibanda cha mabati. Mmoja aliyebaki alijua kusoma kidogo, akawafundisha herufi kwa mkaa. Kwenye kibanda hicho ndipo ilipoanzia shule yenu."

Watoto wakageuka kuitazama shule yao, kama ndiyo kwanza inajengwa.

Kipara akainua mkono. "Shikamoo, bibi. Nisamehe kwa lile koti."

"Marahaba. Hukujua, mjukuu wangu."

"Bibi, siku hiyo Punje alikuwa amejificha wapi?"

Mwalimu alitaka kumnyamazisha, bibi akamzuia kwa kiganja.

"Sijui," alisema. "Mpaka leo sijui. Nimewaza nyuma ya tangi la maji, nimewaza chini ya behewa bovu. Usiku mwingi nimetamani kujiambia, alikuwa mahali fulani, pakavu, akicheka. Ningetulia. Lakini hapo ningekuwa na mtoto mwingine, wa kujitungia, na Punje wangu ningempoteza mara ya pili." Akamtazama Chiriku, na macho yake hayakuwa makali tena, yalikuwa yamechoka tu. "Kutunga si kosa, mjukuu wangu. Mungu kakupa ulimi, utumie. Ila usitunge ukasema ni kweli, na usiseme umeambiwa wakati hukukaa kuambiwa. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, kisha nenda kwa anayejua ukakae. Wafu hawawezi kuja kujisahihisha. Wanatutegemea sisi."

Mwalimu akawaruhusu kwenda. Waliondoka taratibu, wakipita pembeni mwa uwanja badala ya kuukata katikati. Chiriku alibaki, amekaa chini karibu na miguu ya bibi. Alitaka kusema mambo mengi.

"Bibi, lile shati la bluu," akauliza mwishowe. "Lilikuwa na mfuko?"

Machozi yalimshuka bibi, na ni mara ya kwanza Chiriku kuyaona.

"Lilikuwa nao," akasema. "Kushoto. Nilikuwa sijauzibua kwa juu, nilipopunguza shati niliushona ukafungwa. Alikuwa akinililia kila siku, mama, nifungulie mfuko. Nikamwambia, baadaye."

Chiriku akaegemeza kichwa chake gotini pa bibi. Wakakaa hivyo, na bibi akauacha mkono wake kichwani kwa mjukuu mpaka watu wa treni ya jioni walipoanza kupita.