Wa Tano

Sauti iliyoitika "Wa tano!" siku ile ilikuwa ya nani? Nimewauliza wote waliokuwepo, mmoja mmoja, na sijapata jibu linalosimama. Kinyozi anasema aliisikia kama sauti ya mjomba wake. Dereva anaapa ilikuwa ya utingo wake. Mshona viatu, aliyekuwa karibu nayo kuliko wote, aliisikia kama sauti ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Ninavyowajua, hakuna mwongo kati yao. Nimeshindwa kulifumbua, kwa hiyo nalisimulia lilivyo.

Milima ya kwao imesimama wima kiasi kwamba ukidondosha kiazi shambani mwako, utakiokota kwa jirani. Nguruwe mwitu hulala mchana ndani ya korongo, kwenye kichaka kizito, na jua likizama hupanda kuyafukua mashamba. Ndiyo maana wanaume wa huko, baada ya kazi zao za kawaida, huwa wawindaji.

Huwinda kwa kuswaga. Waswagaji hujipanga mshazari kwenye mteremko, wa kwanza juu, wa mwisho chini kabisa karibu na kijito, kisha hupanda pamoja wakigonga vigogo kwa fimbo. Nguruwe hukimbilia juu, kwenye mwanya kati ya majabali mawili, na hapo husimama Seremala na mkuki wake. Kichaka ni kizito, hakuna amwonaye mwenzake. Kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa huitana: "Wa kwanza!" "Wa pili!" mpaka mwisho. Anayechelewa huingia mkiani na kuchukua namba inayofuata. Wakishatoka juu salama, wa mwisho hugonga jabali mara tatu na kupiga kelele: "Mstari umevunjwa!" Ni yeye tu mwenye haki hiyo, maana ndiye anayejua kama kuna mtu amebaki nyuma. Kabla ya hapo Seremala hashushi mkuki.

Siku ile waswagaji walikuwa wanne: Mwalimu, Kinyozi, Dereva, na mshona viatu mwishoni. Walipofika katikati ya mteremko, mshona viatu aliita "Wa nne!" na chini yake, kutoka kwenye matete, sauti ikaitika, "Wa tano!"

Alicheka peke yake. Shemeji kachelewa, akawaza, lakini kaja. Kuanzia hapo hakujihesabu kuwa wa mwisho, na kuvunja mstari hakukuwa kazi yake tena.

Juu kabisa Seremala alichoma dume kubwa kuliko yote waliyopata kuona. Kelele, vicheko, kila mtu akitaka kushika meno yake. Mkuki ulishushwa. Wakamfunga dume kwenye mti, wakambeba kwenda zao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mstari haujavunjwa.

Mshona viatu alipofika nyumbani alimkuta shemeji yake kwenye benchi, mguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Umenipitaje njiani wewe?"

"Nikupite wapi, shemeji? Nimeteguka asubuhi hata sijatoka kwangu. Dada ndiye kanibeba mpaka hapa kama gunia."

"Gunia lina adabu," mkewe alisema kutoka jikoni. "Halipigi kelele likiwekwa chini."

Mshona viatu alikaa. Halafu akasimama. Halafu akakaa tena.

Kesho yake alasiri, saa ileile waliyokuwa wameanza kuswaga, kuku wote wa nyumba ile walijibana kwenye ukuta wa juu wa ua, ule unaotazama mlima. Walisimama kimya, wamebanana kifua kwa mgongo, wakitazama ukuta. Mke aliwamwagia mahindi. Hawakugeuka. Kutoka bondeni kulikuja harufu ya tope la nguruwe na majani yaliyopondwa, na nyuma ya harufu hiyo, kwa mbali, fimbo ikigonga kigogo. Tko. Tko. Tko.

"Leo wanawinda?" aliuliza.

"Hapana," mumewe alijibu. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi na sindano mdomoni. Hakujua ni lini alikuwa ameinuka kitini, wala ni lini alikuwa ameugeuzia uso mlima.

Mlio ulipanda, ukapita ubavuni mwa nyumba, ukaenda juu. Kisha ukanyamaza kwa muda wa watu wanne kuita. Kisha sauti, wazi kabisa: "Wa tano!"

Shemeji alikuwa ndani akimenya viazi. Kisu kilimponyoka. "Dada," alinong'ona, "hiyo si sauti yangu?"

Siku ya tatu mbuzi alikata kamba. Walimkuta kwenye mwanya, kati ya majabali mawili, ana tundu ubavuni la ukubwa wa mkuki, na hapakuwa na tone la damu. Mkuki wa Seremala ulikuwa kwake, juu ya kabati, umefungwa kwenye gunia. Walikwenda kuuangalia mara mbili.

Usiku huo nyumbani hakuna aliyetulia. Walihama viti, walihama mikeka, na kila walipojitazama walijikuta wote upande mmoja wa chumba, upande wa mlima, kama abiria wa basi linalopiga kona.

Sasa, mshona viatu alikuwa na mama. Mama huyo hakuwa ametembea kwa miaka miwili. Miguu ilikuwa imekataa, ila mdomo ulikuwa mzima. Alasiri ya siku ya nne mkwe wake aliingia kumpa uji akakuta kitanda kitupu. Mama alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu yake, paji la uso limegusa ukuta wa juu, kucha zimejaa lipu.

"Mama! Umefikaje hapo?"

"Mwanangu, sijaja mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wananiswaga."

"Nani?"

"Yuko mmoja tu. Lakini anafanya kazi ya wengi."

Mlio ulipopita nyumba na kwenda zake, miguu ilimlegea akaanguka mikononi mwa mkwe. Kesho yake walimkuta mlangoni. Siku iliyofuata alikuwa njiani, hatua hamsini juu ya nyumba, na watu wawili wazima walimvuta nyuma bila kumweza mpaka mlio ulipokoma. Kila mmoja alikuwa akipima kwa macho umbali uliobaki hadi kwenye mwanya, na hakuna aliyetamka kwamba siku mbili zingetosha.

Waliita mganga. Alikuja mwanamke wa makamo amevaa mabuti ya mvua, akiulaani mlima tangu chini mpaka mlangoni.

"Nyie watu mnaishi ukutani kama mijusi," alisema, akaomba maji, akaketi. Hakufungua mkoba wake. Aliuliza habari za uwindaji: nani husimama wapi, nani huita nini, nani humaliza. Mshona viatu alieleza yote. Alipofika kwenye "Wa tano!" na jinsi alivyomwachia huyo kazi ya kuvunja mstari, alisema kosa lilikuwa lake.

"Usijilaumu sana," mganga alimwambia. "Ulifuata utaratibu."

"Ni jini?"

"Ndiyo. Jina lake silijui na sitaki kulijua. Lakini hili silifukuzi."

"Kwa nini, mama?"

"Alikuja mwenyewe, na nyie hamkumkataa. Aliingia mkiani, mkampokea, mkaondoka mkamwacha. Yuko kazini huyo. Anaswaga kilicho mbele yake mpaka aambiwe basi. Nikimpiga dawa atakasirika, na mtu akikasirika kazini huongeza bidii."

"Sasa nani amwambie?"

"Anayevunja mstari ni nani?"

"Wa mwisho."

"Basi mtu apite chini yake. Awe wa sita."

Walikaa wakashauriana, Seremala na waswagaji wote wakiwepo. Mshona viatu alitaka kwenda, lakini namba yake ilikwisha tajwa; angeita, angekuwa wa nne tu, na mtu wa nguvu alihitajika kumshika mama. Wengine pia walikuwa na namba zao; wao wangejipanga juu mlimani na kuziita. Ikaamuliwa ashuke shemeji, kwa kuwa mguu umepona na nafasi iliyochukuliwa ilikuwa yake. Alikubali mbele ya watu wote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, na dada yake akamsikia akitapika.

Alimfuata. Kaka yake alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Dada, itaniita kwa sauti yangu mwenyewe."

"Najua."

"Nitajibu nini?"

Dada yake alichukua fimbo iliyoegemezwa pale, akapandisha kanga na kuikaza kiunoni, akashuka. Sidhani kama alimdharau kaka yake. Nilipomuuliza miaka baadaye alisema tu kwamba yule hangefika kijitoni.

Juu, kwenye njia ya kwenda mwanyani, mumewe alikuwa amemkumbatia mama yake kiunoni, na wote wawili walikuwa wanaburutwa, visigino vya mume vikichora mifereji miwili kwenye udongo.

Mkewe alishuka akielekea kwenye mlio. Tko. Tko. Mwanzoni alikuwa anatembea tu, kisha alianza kusukumwa, si kwa mkono wala kwa upepo bali kwa ile hamu ya kupanda iliyomjaa miguuni, ikawa kila hatua ya kushuka anainunua kwa kushika mzizi au jiwe au shina la mtete, huku panya na sungura na nyoka wakimpita miguuni wakikimbilia juu bila kumjali wala kujaliana, na harufu ya tope na majani yaliyopondwa ikazidi kuwa nzito mpaka akaionja ulimini, na mlio ukawa mbele yake, ukawa kandoni mwake, ukawa karibu kiasi kwamba alihisi upepo wa fimbo shavuni, na hapo alifumba macho kwa sababu alijua kwamba akiyafumbua atamwona kaka yake, na akimwona atasimama, kwa hiyo aliteremka amefumba, kwa makalio na viganja, mpaka maji ya kijito yalipomlowesha magoti na mlio ukawa juu yake.

Ukanyamaza.

Kutoka mlimani, kwa mbali, ikaja sauti ya Mwalimu: "Wa kwanza!" Kinyozi: "Wa pili!" Dereva: "Wa tatu!" Kisha sauti ya mumewe, ya mtu anayelia: "Wa nne!"

Na hapo hapo juu yake, kwa sauti ya kaka yake, kwa utulivu: "Wa tano!"

Alipaswa kuita mara moja. Alichelewa. Alisikia majani yakigeuka, kama mtu anayetazama nyuma.

"Wa sita!" aliita.

Akagonga jabali la kijitoni. Moja. Mbili. Tatu. "Mstari umevunjwa!"

Alisikia fimbo ikilazwa chini polepole, kama anavyoweka jembe mtu aliyelima tangu alfajiri. Ikafuata pumzi ndefu. Kisha kile kitu kikauliza, kwa upole ambao mpaka leo unamwamsha usingizini:

"Kesho tena?"

Angeweza kunyamaza. Anasema alijua kwamba kunyamaza ni kukubali.

"Hapana," alisema. "Hatuwindi tena hapa. Upande wote huu tumeuacha."

"Haya," ikasema. Matete yakafunguka na kufunga.

Juu, hatua tano kabla ya mwanya, mama alikaa chini ghafla na kuanza kumtukana mwanawe kwa kumbana mbavu.

Jioni ile walikutana tena. Mke wa mshona viatu aliwaambia alichoahidi, na kwanza hawakupenda. Mashamba ya upande ule ndiyo yenye rutuba, na pasipo kuwinda, nguruwe wangeyamaliza kabla ya mavuno. Kinyozi alisema ahadi kwa jini si ahadi. Mganga, ambaye alikuwa akivaa mabuti yake aondoke, alimuuliza kama atakwenda kuieleza hoja hiyo kijitoni.

Ikaamuliwa korongo liachwe, na mashamba yaliyo juu yake yaachwe pamoja nalo, na uzio wa miti uliojengwa kuyalinda ung'olewe, isije ikaonekana kwamba bado wanapigania kitu pale.

Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Seremala, na uzio alikuwa ameujenga yeye. Asubuhi alikwenda kuung'oa. Shemeji, aliyekuwa na aibu ya jana, alimfuata na mtaimbo begani, na nyuma yake Dereva.

"Rudini nyumbani," Seremala aliwaambia.

"Nguzo mia mbili, Seremala. Utamaliza lini?"

"Nitamaliza nitakapomaliza. Tukiwa wawili tutaanza kuitana."

Walirudi. Aling'oa peke yake kwa siku tisa, nguzo moja moja, bila kuimba, na viazi vikiwa bado ardhini.