Sura ya Akiba

Saa saba mchana, Tanga, Mwantumu alikuwa anamega tonge la tisa la bada, ugali wa muhogo. Alilifinyanga mkononi, akalichovya kwenye mchuzi wa papa, akalimeza karibu bila kutafuna, kisha akacheka mpaka mashavu yakatikisika. Mbele yake, kwenye mkeka, mama yake Bi Mishi alikuwa anamtazama kwa raha, akingoja zamu yake.

Saa hiyo hiyo, Dodoma, Mwantumu alikuwa amekaa peke yake ofisini mbele ya kibakuli cha kunde zilizopondwa, akitafuna kijiko kimoja mara thelathini. Vilibaki vijiko viwili na hakuwa na hamu navyo.

Mwenye mwili alikuwa huyu wa Dodoma. Yule wa Tanga alikuwa umbo la mwanga tu, lililotolewa na kioo cha maongezi. Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na kioo cha namna hiyo: ukipiga simu, kinakutoa nje kwa kimo chako kamili, unakaa mkekani kama mgeni aliyevua viatu. Na kwa kuwa binadamu hapendi kuonwa ameamka na macho yamevimba, mafundi wakabuni sura ya akiba. Unapigwa picha ya mwili mzima siku uliyopendeza, kisha siku mbaya kioo kinampeleka yule wa picha mahali pako, anasema kwa sauti yako na kucheka unapocheka. Mwantumu alikuwa mmoja wa mafundi hao. Sura yake mwenyewe alikuwa ameifundisha jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliomba: alikuwa ameifundisha kula, matonge ya mwanga kutoka sahani ya mwanga.

Miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo, mashine yenye mikono sita, myembamba kama mabua, ilimpunguza tumbo kwa dakika arobaini. Ilikata kipande cha juu, cha ukubwa wa yai la kuku, ikakiunganisha na utumbo wa chini, na tumbo lililosalia ikaliacha pembeni bila kazi. Mlangoni mwa kile kijitumbo ikashona bawabu. Bawabu ni kimashine kidogo kama punje ya kunde. Anahesabu kila tonge, anapima sukari na mafuta, na ukifika kikomo anagonga mara mbili chini ya mbavu. Ukiendelea anagonga mara tatu. Ukishikilia ubishi anafunga mlango, na kilichokwisha kuingia kinarudi kilikotoka. Hapokei rushwa bawabu huyu, hata umwambie leo ni Idi.

Tusimseme vibaya lakini. Kabla ya upasuaji Mwantumu alikuwa na kilo mia moja arobaini na nane, ugonjwa wa sukari uliokuwa unamharibu miguu, na daktari aliyemwambia wazi kwamba miaka hamsini hataifikisha. Sasa alikuwa na kilo sabini na alipanda ngazi bila kuhema. Uhai aliupata. Ila hakujua kwamba atajifunza kula upya kama mtoto mchanga: majuma mawili ya maji na supu ya kuchujwa, kisha uji, kisha vitu vya kuponda. Maji na chakula visikutane. Akionja halua kidogo tu, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, analala chini nusu saa. Nywele zilikatika. Ngozi ya mikono ilimning'inia kama nguo ya kuazima. Dodoma, jua la mchana, yeye anavaa sweta. Na njaa, aliyokuwa nayo tangu utotoni, iliondoka bila kuaga. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwantumu hakuwa wa huku wala wa kule, na hilo lilimliza kuliko mshono.

Yote hayo Bi Mishi hakuambiwa. Kwake yeye kukonda si habari njema: mtu akikonda ama anaumwa, ama ameolewa pabaya. Tena mumewe, baba yake Mwantumu, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake na akatolewa kwenye machela, amefunikwa. "Mwanangu hapiti kisu," alikuwa akisema, na hilo halikuwa na mjadala. Mwantumu akaona heri anyamaze kidogo, mpaka apone. Alipopona, akasema angoje mpaka akonde sawasawa, ndipo aende akamshtukize. Na huku anangoja, kila mchana aliituma sura ya akiba ikale kwa mama.

Ilikuwa lazima ile. Nyumba ile ina desturi yake: Bi Mishi hagusi chakula mpaka mwanawe aseme ameshiba. Alianza hivyo mwaka wa njaa, Mwantumu akiwa na miaka mitatu na chungu kikiwa na kitu cha mtu mmoja. Mvua zikarudi, chungu kikajaa, yeye hakuacha. Mtoto alikua akijua kwamba asipokula sana na upesi, mama anashinda na njaa. Hivyo ndivyo alivyonenepa, ukitaka kujua.

Sasa Bi Mishi alikuwa na miaka themanini na moja, na kumbukumbu zake zilikuwa zinavuja. Yalianza majina ya majirani, zikafuata siku, kisha miaka. Lakini Mwantumu alimwona kila mchana, mnene, anacheka, anakula, kwa hiyo huyo hakumsahau. Fundi wetu alilifurahia hilo. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Sasa turudi kwenye tonge la tisa. Mwantumu wa Dodoma alisema, "Nimeshiba, mama, alhamdulillahi," na sura ikasema naye. Bi Mishi akamega tonge. Badala ya kula, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akateka mchuzi, akamnyooshea mwanawe kinywani, kama alivyokuwa akimfanyia zamani.

"La mwisho hili. Pokea la mama."

Sura ilifungua kinywa, maana ilikuwa na adabu. Tonge likapita katikati ya shavu lake, likaanguka mkekani, mchuzi ukatapakaa. Sura ikaendelea kutafuna.

Dodoma, Mwantumu alikizima kioo haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Ijumaa, mama mdogo Saumu, mdogo wake Bi Mishi aliyekuwa akikaa naye, alipiga simu ya sauti.

"Mamako hali."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Anasema mwanawe kamkatalia tonge. Kioo kakifunika kanga, hataki kukiona. Maji tu ndiyo anayokunywa. Mwantumu, njoo. Uje wewe, usinitumie lile lidude lako."

"Nitamwambiaje, mama mdogo?"

"Nilikuambia umwambie tangu mwanzo. Sasa njoo kwanza, maneno utayaokota njiani."

Kesho yake alipanda treni ya sumaku, saa moja na nusu mpaka Tanga. Njia nzima alijaribu sentensi ya kwanza, akaibadili, akaijaribu tena. Alikuwa anaogopa, na alijua anachokiogopa.

Bi Mishi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Siku nne za njaa zilikuwa zimemtoa mifupa ya mabega. Mwantumu alitaka kumkimbilia, akasita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, usisimame mlangoni unatuzibia upepo. Wewe mtoto wa nani?"

"Mama, ni mimi. Mwantumu."

Bi Mishi alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, pole pole, kisha akamgeukia mdogo wake. "Saumu, huyu binti ni nani?"

"Dada, huyo ndiye Mwantumu. Alitibiwa, akapungua."

"Apungue abaki hivi? Na nusu nyingine kaiweka wapi?"

Saumu alicheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kanga.

Mwantumu alipiga magoti. Alimkumbusha mama siku yeye alipomeza shanga utotoni wakakaa kuingoja siku mbili. Alimkumbusha wimbo aliokuwa akimbembelezea, na maneno aliyonong'onezwa siku ya maziko ya baba, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyasikia. Bi Mishi alisikiliza yote kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Amekuhadithia," alisema. "Mashoga huambiana. Na sauti yake umeichukua vilevile. Siku hizi watu wanaiba hata sauti." Akamshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole, vikakutana. "Mifupa mitupu. Nani anakutesa, binti?"

Mwantumu aliuvuta mkono wa gauni, akakifunika kifundo.

Saumu alileta sinia: bada lililotoka motoni na mchuzi wa papa. Bi Mishi alimsogezea mgeni, yeye mwenyewe akarudisha mikono mapajani. "Kula. Mimi namngoja mwanangu."

Ndipo Mwantumu akaona njia moja iliyobaki. Maneno yalikuwa yamemshinda, lakini kula kwake mama alikuwa anakujua. Alikunja mkono wa gauni, akamega tonge kubwa, la zamani, akalimeza bila kutafuna. Akamega la pili. La nne, bawabu aligonga mara mbili. La tano, akagonga mara tatu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Saumu, aliyekuwa anajua, alisema, "Basi, Mwantumu, inatosha." Hakusikia. Alimega la sita, akachovya mpaka mchuzi ukamtiririka kiganjani, akaulamba kama alivyokuwa akiulamba zamani.

Bi Mishi aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamebadilika. Alijisogeza mbele kidogo, uso wote ukatulia, akasema kwa sauti ya mama anayemkemea mwanawe:

"Taratibu, Mwantumu wewe. Bada halikimbii."

Mwantumu aliitika, "Naam, mama," na machozi yakamtoka kwa furaha. Akamega la saba, kwa kuwa sasa alikuwa anajulikana. Bawabu akafunga mlango.

Hakufika uani. Alitapika kizingitini, kwa maumivu yaliyomkunja, tonge baada ya tonge, mbele ya macho ya mama yake. Alipomaliza alihisi mkono ukimsugua mgongo. Ulikuwa mkono wa Bi Mishi.

"Pole, mgeni. Pole sana. Chakula changu kimekukataa." Akamwambia Saumu kwa upole, bila hasira yoyote, "Unaona? Mwantumu wangu hajawahi kutapika chakula changu."

Alirudi kukaa, akaweka mikono mapajani. Saumu alimbembeleza, akamlilia, akamkaripia. Bi Mishi alitikisa kichwa. "Mtoto hajala. Mimi nitakulaje?"

Mwantumu alinawa uso kwenye karo, akakaa pale uani. Angeweza kusubiri kesho, ajaribu tena. Lakini aliyaona mabega yale, na alijua kwamba mama yake hana kesho nyingi za kukaa na njaa. Alilia mpaka akamaliza, akafuta uso, akaingia ndani, akaketi mbali kidogo, pale wanapoketi wageni.

"Mama, unisamehe. Nilikudanganya. Mimi si Mwantumu. Mwantumu kanituma."

Saumu aligeuzia uso ukutani.

"Ndiyo, useme ukweli," alisema Bi Mishi. "Kasemaje?"

"Kasema kazi imembana, hawezi kuja. Kasema nimchukulie chakula, atakula mpaka ashibe. Na kuanzia leo usimngoje tena. Ukila wewe, naye ujue anakula."

"Kasema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mama."

Bi Mishi aliinuka kwa kujikongoja, akakataa kusaidiwa. Alitafuta hotipoti kubwa kuliko zote, akajaza bada, akashindilia, akaongeza, akamimina mchuzi na vipande vinono vya papa. Kilikuwa chakula cha mtu wa kilo mia moja arobaini na nane. Akafunga kwa kanga, mafundo mawili. Kisha akakaa, akanawa, akasema bismillahi, akala. Mwantumu alihesabu matonge kumi na moja.

"Hajakonda?" Bi Mishi aliuliza katikati, bado anatafuna.

"Hajakonda. Yuko vilevile."

Saumu alitoka nje.

Wakati wa kuaga, Bi Mishi alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni, akampa mzigo kwa mikono miwili, lakini hakuuachia mara moja. Alimtazama yale mashavu yaliyobonyea, akamwonea huruma kweli.

"Najua una njaa, binti, unaonekana. Lakini usikiguse njiani. Hicho ni cha mwanangu."

"Sitakigusa, mama."