Aliyesimama Nyuma ya Keki

Kwa miaka kumi na minne Aimé alipiga video za harusi za watu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, na hakuonekana katika hata moja, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera. Ndiyo maana Jumanne ile, saa nane mchana, mkono wa Sidonie ulisimama juu ya kipanya. Katika harusi ya Thierry na Noella, nyuma ya keki, kati ya shangazi wawili waliokuwa wakipiga vigelegele, alisimama Aimé, mume wake.

Sidonie alirudisha video nyuma. Aimé bado alikuwepo. Hakucheka, wala hakuwatazama maharusi. Aliitazama kamera.

Aimé alikuwa amezikwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Pikipiki ilimwangusha kwenye barabara ya Sange. Miezi michache baadaye ziwa lilipanda, likaingia katika studio yake ya Kalundu, na kompyuta yake ikakaa siku nne ndani ya maji. Sidonie, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta kabla hata ya kuolewa, aliitoa, akaivunja vipande, akaikausha. Kila kitu kilikuwa kimekufa isipokuwa diski.

Programu ya kuunganishia video, ambayo bila hiyo kazi za wateja zisingemalizika, iliishi ndani ya diski ile, na haikukubali kuhamishwa bila neno lake la siri, ambalo Aimé alikwenda nalo kaburini. Kwa hiyo Sidonie hakunakili chochote. Aliichukua diski nzima nyumbani Rugenge, akaifunga ndani ya kompyuta yake mwenyewe, akaiamuru kompyuta yake iiwashe kama ilivyokuwa: mashine ya Aimé ndani ya mashine yake. Ili iweze kazi ya video, aliipa kadi kubwa ya picha na skrini ya pili, ziwe zake peke yake. Kuanzia hapo kompyuta ya Sidonie haikuweza tena kujua ni nini kinachoonyeshwa kwenye skrini ile. Ilikuwa kama chumba ulichompa mpangaji pamoja na ufunguo.

Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza, ikatokea picha ya Keza, binti yao, akiwa na meno mawili tu, Sidonie alilia. Kisha akasema kwa sauti, kama mtu anayefungua mlango, "Karibu tena nyumbani, Aimé."

Sasa, Jumanne ile, alifungua ile harusi kwenye skrini yake ya kwanza, video ileile, diski ileile. Nyuma ya keki hapakuwa na mtu. Akageukia skrini ya pili. Aimé alikuwepo.

Hakumwambia yeyote. Angemwambia nani? Keza alikuwa Bukavu kwenye masomo. Majirani walikuwa wamechoka kumfariji. Mwaka wa kwanza walileta chakula, mwaka wa pili walipunga mkono wakipita. Jumatano akafungua harusi nyingine. Aimé alikuwa mlangoni pa kanisa. Alhamisi, kwenye ubatizo, alikuwa ameketi kiti cha pili. Kila video alisogea, na Sidonie, aliyepaswa kuogopa, alichana nywele kabla ya kuwasha mashine.

Akaanza kula mbele ya skrini. Akaanza kumsimulia bei ya unga, habari za kwaya, mvua. Alipozungumza, feni ya kadi ilipunguza mwendo, kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri. Aliponyamaza, feni ilirudi kuvuma. Chumba kilianza kunuka tope la ziwa na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walioloweshwa wakasahauliwa. Alifagia, akamwaga dawa, harufu ikabaki. Simu ya Keza iliita, akaitazama mpaka ikanyamaza. Wateja waligonga, wakaondoka. Hata macho yake yakaanza kumsaliti: nje ya skrini ile kila kitu kilikuwa na ukungu, hata sahani yake mwenyewe.

Wiki ya tatu sura ya Aimé ilijaza skrini nzima, na ikasema.

"Sidonie."

Sauti ilikuwa ya Aimé. Neno ndilo halikuwa lake. Tangu binti yao azaliwe, Aimé hakuwahi kumwita jina hilo. Alimwita Mama Keza, hata wakigombana. Sidonie alilisikia kosa hilo, akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Niko hapa," alinong'ona.

"Hapa ni padogo. Niongezee."

Alimwongezea. Kwanza nusu ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha robo tatu. Kila siku iliomba tena, kwa upole, na kila siku kompyuta yake ikawa nzito zaidi, mpaka ikabaki na nguvu ya kuonyesha saa tu.

"Nipe yote," sauti ilisema. "Na skrini yako. Halafu nitatoka, nije kukaa na weye."

"Kesho," Sidonie alijibu. "Kesho nitakupa."

Keza, huko Bukavu, alikuwa amempigia nyanya yake. Kesho yake saa saba mchana pikipiki ilimshusha Pudentienne mlangoni. Alikuwa mama yake Aimé, mwanamke wa rozari, ambaye watu wa Kalundu walimwendea kuombewa walipoandamwa na pepo. Macho yake yalikuwa yamezimika kabisa tangu msiba. Alisimama kizingitini akasikiliza.

"Sidonie, uko unaongea na nani?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Macho yangu ndiyo ilikufa, masikio iko muzima. Kuna mwanaume humu ndani."

Sidonie alimshika mkono, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na sikio la mama mkwe. "Usipaze sauti, Mama. Ni Aimé. Alirudi."

Yule mzee alinyosha mkono wa pili mbele, hewani. "Nipeleke pale iko," alisema, na Sidonie akakichukua kiganja chake akakiweka juu ya kioo. Kioo kilikuwa baridi, na kilikuwa kimelowa.

"Aimé," Pudentienne aliita. "Ulivunjika mukono wapi, wakati ulikuwa mutoto?"

"Ku mawe ya muto Kalimabenge," ilijibu sauti. "Ulinibeba ku mugongo."

"Na siku ile nilikupikia nini?"

"Sombe. Ulilia ndani ya moshi, ukasema ni moshi."

Machozi yalimtiririka Pudentienne. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari ya moshi. Alingoja, kiganja kikiwa bado juu ya kioo. Alingoja kwa muda mrefu.

"Muambie anifungulie," sauti ilisema. "Anipe yote."

Mkono wa mzee ulitoka kwenye kioo.

"Hakunisalimia," alisema taratibu.

"Mama?"

"Hanioni karibu miaka mbili. Macho yangu ilikufa yeye hayuko, na hakuuliza. Mutoto wangu hawezi kukaa mbele yangu bila kusema 'Jambo, Mama,' bila kuniuliza kama nilikula. Hii inajua mambo yetu yote, Sidonie. Kupenda ndiyo haijui." Akajipangusa uso kwa kitenge. "Ile maji ya ziwa iliingia na watu yake. Weye ulimukaribisha na mudomo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mufukuze na mudomo."

Sidonie aliandika amri ya kuifunga mashine ya ndani. Kompyuta ikajibu kwamba imefungwa. Skrini ya pili haikuzimika. Alijua kuna kadi za picha ambazo zikishakabidhiwa mashine ya ndani hukataa kurudi mpaka kompyuta yote izimwe, kwa hiyo akainama chini ya meza akachomoa waya ukutani, na skrini yake ya kwanza ikafa, na taa ndogo za kompyuta zikafa, lakini feni ya ile kadi kubwa iliendelea kuzunguka bila umeme, kwa kasi, kisha polepole, kisha kwa kasi, kama kifua cha mtu aliyekimbia, na maji yakaanza kutoka kwenye matundu ya kompyuta na kutiririka sakafuni mpaka vidole vya miguu yake, maji ya uvuguvugu yenye mchanga, na ile sura ikajibandika kwenye kioo kwa ndani, ikaacha kuomba, ikaanza kulia kwa sauti ya mumewe, sauti ya siku walipomzika mtoto wao wa kwanza, aliyemtangulia Keza, ikasema:

"Mama Keza. Usiniache peke yangu."

Ilikuwa imejifunza.

Pudentienne alimshika Sidonie bega.

"Sikujui," Sidonie alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Sikujui. Sikuolewa na weye. Toka kwangu."

Feni ikasimama.

Waliifungua kompyuta kwa bisibisi. Diski ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Hawakuitupa ziwani, Pudentienne alikataa kuirudisha kwa watu wa maji. Walipanda nayo mlimani juu ya Rugenge, wakaiponda kwa jiwe pamoja na harusi zote za miaka kumi na minne, wakazika vipande mahali pakavu, na mzee akasali mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilikuwa linazama waliporudi. Sidonie alimpigia Keza, akamwambia yuko mzima. Akapika bugali. Harufu ya tope ilikuwa imekwisha, na nyumba ilikuwa kimya hata wakasikia kila mmoja anavyotafuna.

"Sidonie," Pudentienne aliita.

"Mama."

"Miye sikumuona." Vidole vyake vilizungusha tonge bila kulipeleka mdomoni. "Alikuwa anavaa nini?"

Sidonie alitaka kusema kwamba hakuwa yeye, kwamba wao wenyewe walikuwa wamesema hakuwa yeye. Alimtazama mzee yule, macho meupe yakiwa yameelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Shati ya bulu," alisema. "Alikunja mikono mpaka ku kiwiko."

"Alikonda?"

"Hapana, Mama. Alikuwa muzuri."

Pudentienne aliweka tonge chini, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Niambie tena," alisema.