Shingo ya Babu Hamadi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Bilkisi alimchujia babu yake uji. Aliuchuja mara mbili kwa kitambaa, kwa maana hata punje moja ingemtia mzee kikohozi cha kumtoa machozi. Ilikuwa kazi ya miezi minne sasa, na msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa hoi.

Waliishi watatu huko Musonoi, karibu na machimbo: yeye, mama yake Latifa, na Babu Hamadi, dereva wa lori wa zamani ambaye sasa aliwachinjia majirani kuku. Chakula alichokula mzee mchana kilimrudia mdomoni jioni, vilevile kilivyoingia. Alikonda hadi kanzu ikampwaya. Kuumwa si mchezo, na kuuguza pia si mchezo.

Hatimaye walimpeleka hospitali. Akanyweshwa dawa nyeupe kama chokaa, akapigwa picha ya koo. Dokta Laurentine akawaonyesha.

"Tata Hamadi, nyuma ya koo kuko kifuko. Chakula kinabakia mule. Siku moja kitaingia mu mapafu, na kitakuua."

Akaeleza kwamba njia za kutibu ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha mdomoni bomba la chuma lenye kamera, kisha kukata ukuta unaotenganisha kifuko na njia ya chakula. Nje hakuna kidonda, na mgonjwa hurudi nyumbani upesi, lakini lazima shingo yake ikunjike vizuri kwenda nyuma. Ya pili ni kupasua shingo kwa upande na kukitoa kifuko. Hiyo ina kidonda, ina siku nyingi kitandani, na sauti inaweza kukwaruza kwa muda.

"Mi nataka ya mudomo," babu akasema haraka. "Kisu ya shingo naijua. Kuku yote nilichinja, hakuna hata moja ilirudia kuniambia asante."

Dokta akacheka kidogo, akamwomba ainue kichwa. Mzee akaegemea nyuma kwa mgongo mzima mpaka macho yakatazama dari. Dokta, aliyekuwa akiona wagonjwa tangu alfajiri, akaandika: kesho, kwa mdomo.

Bilkisi alijua ukweli. Tangu lori lilipopinduka kwenye barabara ya Kapanga, kabla yeye hajazaliwa, shingo ya babu ilikuwa imekakamaa, haikunjiki. Mama alikuwa ametoka kununua dawa, hakusikia maelezo ya dokta; kabla hajarudi, mzee alimshika Bilkisi mkono.

"Mujukuu yangu, mambo ya shingo ikuwe siri yetu. Niapie."

Akamwapia. Babu ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani, angemkatalia vipi? Lakini alasiri yote hakutulia. Aliogopa kumvunjia babu neno, na aliogopa zaidi kumzika. Mwishowe akainuka, akamkuta dokta akinawa mikono.

"Dokta, babu haangaliake yulu, shingo yake ilikauka. Ulimuona alilala nyuma na mugongo. Nilimuapia nisiseme."

Dokta hakukausha hata mikono. Alikwenda wodini, akambana mzee mabega ukutani, akamwambia ainue kichwa. Kichwa hakikuinuka.

"Tata, ile bomba tungeisukuma, ingepasula koo. Unaweza kufa na ile. Tutapitia mu shingo."

Babu alimtazama mjukuu wake kwa hasira, na jioni ile hakusema naye. Bilkisi alilia begani mwa mama yake.

Siku ya pili mzee akapasuliwa. Mama na mtoto walikaa benchini saa nyingi. Mzee alitoka salama, na baada ya wiki moja dokta akaruhusu apewe maji.

Alikunywa funda moja. Akangoja, mkono juu ya bandeji. Maji hayakurudi. Akanywa tena.

"Bilkisi," akaita kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikukasirikia bure. Nilikufundisha kutunza siri, nikasahau kukufundisha hii: siri ya kuua muntu haiko amana. Ile unaisema, hata kama ni mukubwa alikuapisha. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Basi nipe maji ingine."