Kitufe cha Kama Jana

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa nne asubuhi, kwenye faili la marehemu uliongezeka mstari. Joto. Mapigo ya moyo. Uzito, kilo sitini na moja. Na chini yake: "Mgonjwa anaomba maji."

Aliyekuwa mbele ya kompyuta ni mtafiti wa hospitali, na marehemu ni mama yake mzazi. Alidhani anafanyiwa mzaha. Akamwita muuguzi wa zamu.

"Dada, nani kaandika hapa?"

Muuguzi akasoma, akarudi nyuma hatua moja. "Kitanda chake hakina mtu," akanong'ona. "Na hii harufu ya dawa ya kuchua inatoka wapi?"

Mama alikuwa akijichua magoti kwa dawa hiyo kila siku.

Sasa nisiwafiche kitu. Mfumo ule aliubuni mtafiti mwenyewe: daktari anaandika hali ya mgonjwa, kompyuta inasoma na kumshauri la kufanya. Madaktari walipolalamika kwamba kuandika kunawachosha, akawawekea kitufe cha Kama Jana. Ukikibonyeza, maelezo ya jana yanajirudia. Alisifiwa mpaka basi. Mama alipolazwa, siku ya kwanza daktari aliandika, "Anakunywa vizuri." Siku nne zilizofuata wakabonyeza tu. Kompyuta ikashauri hahitaji dripu. Mama akafa kwa kiu, kikombe kikiwa mbali na mkono wake, na binti yake yuko ghorofa ya juu, anasoma kwenye kioo cha kompyuta kwamba mama anakunywa vizuri. Inauma, jamani.

Mistari ikaendelea kuja, kila siku saa ile ile. Kilo hamsini na tisa. Hamsini na saba.

"Mama yako alikuwa na kilo arobaini na nne," muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini. "Hizi kilo ni za nani?"

Mtafiti akapandisha sketi yake kiunoni. Ilikuwa imeshikwa na pini, na bado inampwaya.

Muuguzi ndiye aliyemwita mama mdogo wa mtafiti, anayetibu watu wenye majini. Alifika, akanusa chumba, akatikisa kichwa.

"Huyu si dada yangu. Dada yangu kapumzika. Jini limekuta faili wazi, likaingia na sauti yake. Andika ukweli wa kilichomuua, halafu funga. Usipofunga litakumaliza."

Akatoka, akasimama nje ya mlango akiomba dua.

Mtafiti akaandika kwamba mgonjwa alikufa kwa kiu na kwamba kitufe kilichomponza alikitengeneza yeye, na harufu ya dawa ikazidi kuwa nzito mpaka machozi yakamtoka, na pumzi ya mtu mwenye koo kavu ikawa inapanda na kushuka nyuma ya sikio lake, na aliponyoosha mkono afunge, herufi zikaanza kujiandika moja moja: "Chiriku, usinifungie nje. Sijanywa."

Jina hilo la utani alikuwa akiitwa na mama tu. Alijua huyu si mama. Lakini nani mwingine angemwita Chiriku tena?

Akafuta yote aliyoandika.

"Umefunga?" mama mdogo aliuliza nje ya mlango.

"Nimefunga, mama mdogo."

Akajaza maji kwenye kikombe, akakiweka mbele ya kioo, akabonyeza Kama Jana. Kila kitu kikajirudia, isipokuwa uzito. Kilo hamsini na tano.